Mzega wa Chatsworth

Mwambie mtu wa Unguja kwamba Durban kuna Wazanzibari walioko huko tangu mwaka 1873, na jambo la kwanza atakalouliza ni kama asili yao ni Malindi au Ng'ambo. Si Malindi wala Ng'ambo. Wengi wao ni Wamakua wa kaskazini mwa Msumbiji, waliotekwa na kupakiwa kwenye majahazi ya watumwa, na majahazi yale yakakamatwa njiani na manowari za Waingereza. Juni mwaka huo Sultani Barghash wa Zanzibar alikuwa ametia saini mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini. Agosti kundi la kwanza la waliokombolewa likateremshwa bandari ya Durban, kwa kuwa koloni la Natal lilikuwa na mashamba lakini halikuwa na vibarua wa kutosha. Walitoka minyororoni wakaingia kwenye mikataba ya kazi, hata usingizi mmoja wa mtu huru hawajaulala.

Vizazi vyao sasa viko Bayview, ndani ya Chatsworth, kitongoji kikubwa cha Wahindi kusini-magharibi mwa jiji. Zamani walikaa King's Rest, kwenye mwinuko wa Bluff karibu na bahari, juu ya ardhi ya wakfu wa Waislamu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 serikali ya makaburu ikataka Bluff iwe ya Wazungu. Watu weusi, Waislamu, wasemao Kimakua, hawakuingia vizuri katika fungu lolote la karatasi za serikali, basi wakaandikwa "Waasia wengineo" na kupelekwa Chatsworth pamoja na Wahindi waliokuwa wakihamishwa kwa nguvu kutoka Cato Manor na kwingineko. Watu wa huko wamechoka, na anayesema chanzo cha uchovu wao ni kazi ameishika hadithi katikati.

Mimi ningeanza na nyumba. Cato Manor familia nyingi zilikaa katika nyumba za mbao na mabati zilizoongezwa chumba kadiri ukoo ulivyokua. Babu, bibi, mashemeji na wakwe walikuwa ua mmoja. Mtoto akilia yupo wa kumbeba, sufuria ikichemka yupo wa kuiangalia. Zilikuwa nyumba za kimaskini, na sitaki kuzipamba, lakini zilikuwa na mikono. Nyumba za Chatsworth zilichorwa na manispaa kwa kipimo cha baba, mama na watoto: vyumba vichache, na ukuta mnaogawana na jirani. Ukoo ukakatwa vipande, hawa wakapewa mtaa wa Unit 2, wale wakatupwa Unit 7. Pamoja na funguo zikaja kodi ya kila mwezi, bili za maji na umeme, na nauli ya kwenda mjini ambako kazi zilibaki. Mshahara wa mume peke yake haukutosha. Miaka ya 1960 na 1970 wanawake wengi wa Kihindi wa Durban wakaingia viwanda vya nguo. Yaani mama alianza kutoka alfajiri kuwahi basi wakati uleule ambapo bibi wa kumshikia mtoto alikuwa amehamishiwa mtaa mwingine.

Kiswahili huita hali hiyo msongo. Kusonga ni kubana, ni kukaba, na ndivyo tunavyoufanya ugali kwa mwiko mpaka ushikamane. Ugali haujisongi. Ndiyo maana sipendi sana makala za afya zinazomwambia mtu avute pumzi, anywe maji na apange ratiba, kana kwamba msongo ni uchafu aliojipaka mwenyewe. Mama huyu wa Chatsworth ana ratiba iliyopangwa vizuri mno. Tatizo ni kwamba hakuna dakika iliyobaki ndani yake.

Wataalamu nao wana neno la mfanyakazi aliyechakaa: burnout. Shirika la Afya Duniani, katika orodha ya magonjwa iliyopitishwa mwaka 2019, lilimtambua kwa ishara tatu: nguvu kumwishia, kuichukia kazi yake au kujitenga nayo kimoyo, na kuiona haizai tena lolote la maana. Likasisitiza kuwa si ugonjwa, na kwamba jina hilo ni la mambo ya kazini tu, lisitumike kwa mengine ya maisha. Kwa waliokaa mezani Geneva mpaka huo unaeleweka. Kwa mshona nguo wa Westcliff, mtaa wa Chatsworth, geti la kiwanda ndipo zamu ya pili inapoanza, na zamu hiyo haina barua ya kujiuzulu.

Halafu geti lenyewe likatoweka. Baada ya mwaka 1994 ushuru wa nguo za nje ulipungua, nguo za bei nafuu kutoka Asia zikaingia, na viwanda vya Durban vikaanza kufunga mlango mmoja baada ya mwingine. Cherehani hazikunyamaza zote. Nyingine zilihamia kwenye gereji na vyumba vya uani, kwa malipo ya kipande, huku mtoto akifanya kazi za shule pembeni ya mashine na wali ukiungulia jikoni.

Mwaka 1999 Fatima Meer, mwanasosholojia na mpiganaji wa siku nyingi dhidi ya ubaguzi, alikwenda Chatsworth na wenzake kufanya kampeni za uchaguzi. Walichokikuta ni njaa, malimbikizo ya kodi na hofu ya kufukuzwa. Ashwin Desai amesimulia yaliyofuata katika kitabu chake cha mwaka 2002, We Are the Poors: manispaa kuja kutoa watu nje na kukata maji, na majirani kukusanyika mlangoni kuzuia, Wahindi na Waafrika pamoja. Kwangu mimi kubwa zaidi katika kisa kile ni kilichotangulia makabiliano. Deni lilikuwa siri ya kila nyumba, aibu anayolala nayo mama na kuamka nayo. Mkutano mmoja wa mtaa ukatosha kumwonyesha kwamba jirani wa ng'ambo ya ukuta alikuwa halali vilevile. Deni halikufutika siku hiyo, lakini lilipata wabebaji wengi.

Ujirani huo una upande wake mchungu. Ukuta mwembamba unapitisha kila kitu, na mwenye shida huogopa masikio. Katikati ya miaka ya 2000 dawa ya kulevya iitwayo sugars, mchanganyiko wa heroini wa bei ya chini, ilipowakamata vijana wa Chatsworth, bibi wengi walijikuta wakilea upya: pensheni moja, wajukuu wadogo, na mtoto mtu mzima anayeuza sufuria za nyumbani. Mambo kama hayo hayasemwi kirahisi. Husemwa kwa jina la sukari na presha, kwenye foleni ya hospitali ya R.K. Khan, kwa mtu usiyemjua aliyekaa benchi moja nawe. Shirika la SADAG la Afrika Kusini lina simu za bure za kusikiliza watu wenye sonona na wasiwasi, nazo ni msaada, ila anayepiga anahitaji kwanza chumba ambacho hakuna mwingine ndani.

Wengine hupumulia sokoni, soko linaloitwa Bangladesh pale Westcliff, ambako kupatana bei ya pilipili kunaweza kula nusu saa bila mtu kukulaumu. Bayview kuna maulidi na dhikri. Wahindu wa Kitamil wana kavadi.

Kavadi ni neno la Kitamil la kile ambacho wazee wetu wa pwani wanakiita mzega: mti wa begani wenye mzigo huku na huku. Hekaya yake ni ya Idumban, aliyebeba vilima viwili kwa mti mmoja. Kila Januari au Februari, kwenye sikukuu ya Thaipusam, watu walioweka nadhiri kwa ajili ya mtoto mgonjwa, kazi iliyopotea au ndoa inayoyumba hufunga kwa siku kadhaa, kisha hutembea miguu mitupu hadi hekaluni wakiwa na tao lililopambwa maua na manyoya ya tausi. Wengine hujichoma kulabu mgongoni. Picha za magazeti huwafuata wenye kulabu. Nyuma yao, nje ya picha, huwa kuna ndugu, mara nyingi mwanamke, mwenye ndoo au chupa ya maji, anayemwagia lami kwa sababu jua la Durban limeichemsha na mbebaji hana viatu. Jumatatu alfajiri naye atakuwa kituo cha basi.