Mkabilishemsi, Mboga Chungu ya Shamba la Mahindi

Mvua za masika zikisha kuyalowesha mashamba ya mahindi ya Kitale, na palizi ya kwanza ikawadia, aghalabu utamwona mwanamke ameinama na jembe lake, anaking'oa kila kimea kisicho mhindi bila ya huruma, kisha afikapo penye mche mmoja wenye majani matano yaliyotandazwa mithili ya vidole vya mkono, jembe hupita kando. Mche huo, ambao wataalamu wa mimea huuita Gynandropsis gynandra, sokoni Kitale ni sagaa, na kwa Wabukusu wa Bungoma ni chisaka. Ama Waswahili wa pwani waliupa majina zaidi ya moja, mgagani na mkabilishemsi, na hili la pili kwangu ndilo zuri mno, kwa kuwa maana yake ni mwenye kulielekea jua, na kweli majani yake hugeuka kulifuata jua mchana kutwa.

Sayansi ilikuja baadaye kueleza kwa nini mche huu hauogopi joto. Ndani ya jani lake mna mtambo wa kukusanya hewa ya kaboni na kuirundika mahali pamoja, njia ambayo wanasayansi huiita C4, hata mmea ukaweza kukua upesi kwenye jua kali kwa maji machache. Na mahindi yanayoutia kivuli shambani, pamoja na mtama na miwa, yana mtambo huo huo, basi magugu na mazao hapa ni ndugu wa hirimu moja kuliko mkulima anavyodhani.

Lakini sifa yake kubwa iko jikoni. Majani huchambuliwa na kuachwa vikonyo vigumu, yakaoshwa na kuchemshwa, na maji ya kwanza, yenye uchungu mwingi, wengine huyamwaga. Kisha humiminwa maziwa au krimu, chungu kikafunikwa na kulazwa hadi kesho, kikapashwa moto tena na kuongezwa maziwa mengine, na wako wasemao kwamba mboga hiyo haistahiki kuliwa na busuma, yaani ugali, kabla ya siku ya pili. Kuna wanaoichanganya na mnavu au majani ya kunde ili kuupunguza ukali, na kuna wanaotia musherekha, yaani maji ya chumvichumvi yanayochujwa katika majivu ya mabua ya maharagwe, yakalainisha jani na kulihifadhia rangi yake ya kijani. Haya yote yana sababu: protini za maziwa hushikamana na zile dutu chungu za jani, ulimi usizipate, na mafuta ya krimu huusaidia mwili kufyonza asili ya vitamini A iliyomo. Illa kila hila ina gharama yake, kwani vitamini C huondoka na maji yanayomwagwa, na inayosalia huharibiwa na moto mrefu pamoja na musherekha.

Kwa vipimo, gramu 100 za majani mabichi hukaribia gramu 5 za protini na miligramu 290 za kalsiamu, ingawa hesabu hizo hupanda na kushuka kwa kadiri ya udongo na umri wa jani. Chuma nacho kimo, na kwa ajili hiyo mzazi aliyejifungua hupikiwa chisaka ili kurudisha damu. Desturi hiyo ni njema, lakini nahofia watu huitegemea kupita kiasi, kwa maana zile zile dutu chungu hukizuia chuma kisifyonzwe chote, na kalsiamu ya maziwa huongeza kizuizi. Mama mwenye upungufu wa damu na ale mboga yake kwa raha, ale na chungwa baadaye, lakini vidonge vya chuma alivyopewa kliniki asiviache.

Ama tiba za nje, jani lililopondwa hubandikwa kipajini kwa maumivu ya kichwa, na kwenye viungo vyenye baridi yabisi. Siri yake ni ile ile ya haradali: jani likipondeka, dutu ziitwazo glukosinolati hukutana na kimeng'enya kilichokuwa kimetengwa nazo, zikazaa ukali unaochoma ngozi, damu ikakimbilia pale na maumivu yakasahaulika kwa muda. Likiachwa sana, ngozi hutoka malengelenge. Na wale wanaokamulia maji yake katika sikio la mtoto alialo usiku, nawasihi waache, kwa kuwa kiwambo cha sikio huenda kimetoboka na hawajui.

Ukali huo si wetu, bali ni silaha ya mmea dhidi ya wadudu. Mwaka 1992 watafiti nchini Kenya waliandika kwamba kupe wa ndigana kali huukimbia mche huu, na kwamba mahali ulipoota kwa wingi kupe walikuwa haba; na mwaka 1999 wanasayansi wa ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu, wakachambua mafuta yake na kuzitaja dutu zinazowafukuza. Habari hiyo huwafurahisha wafugaji wa Bungoma kila nikiwasimulia, na kila mara hulazimika kuongeza kwamba utafiti huo haukusema josho lifungwe.