Kisumu Ndogo Si ya Kabila Moja

Ukisikia Kisumu Ndogo, usidhani ni Wajaluo watupu. Katika kijiji hicho cha Kibera, Nairobi, wamepanga pia Waluhya na wengineo. Jina Kibera lenyewe ni la Wanubi: kibra, yaani msitu. Hao ni wajukuu wa askari kutoka Sudan, ambao Waingereza waliwapa makao hapo mwanzoni mwa karne ya 20, bila hati. Sensa ya 2009 iliwahesabu Wanubi 15,463 nchini. Mwaka 2017 wakakabidhiwa hati ya ekari 288. Mapigano ya baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 yalionyesha hatari ya kumpima jirani kwa kabila. Wazazi, tuwaeleze watoto historia hii mapema.