Nyigu mdogo anayemfuata kiwavi ndani ya bua la mahindi

Mkulima anayenyunyizia mahindi dawa baada ya kuona mabua yametobolewa huwa amechelewa. Kiwavi keshaingia ndani, anatafuna kiini, na dawa haimfikii. Lakini yuko mdudu awezaye kumfuata humo: nyigu wa jenasi ya Cotesia, ambaye hafikii hata urefu wa punje ya mchele.

Wakulima wachache wanamtambua, na si ajabu, kwani hamdungi binadamu wala hajengi kiota. Yule aitwaye kitaalamu Cotesia flavipes asili yake ni Asia, sawa na kiwavi anayemwinda, Chilo partellus. Kiwavi huyo aliingia Afrika katika nusu ya kwanza ya karne iliyopita, akawaacha maadui zake kwao, akastawi. Ndipo kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE, chenye makao yake Nairobi, kikaamua kumletea adui wake wa jadi. Nyigu waliotoka Pakistan waliachiliwa katika mashamba ya Pwani ya Kenya mwaka wa 1993. Miaka kadhaa ilipita kabla hawajaenea vyema, na viwavi wakaanza kupungua.

Kazi yenyewe ni ya hatari. Nyigu jike huvutwa na harufu ya mmea ulioshambuliwa na ya kinyesi cha kiwavi, akajipenyeza katika tundu. Wengi huumwa wakafia humo humo. Anayefaulu humdunga kiwavi na kumtia makumi ya mayai, pamoja na virusi vinavyodhoofisha kinga ya mwili wake. Watoto wa nyigu hukulia ndani ya kiwavi akiwa hai, kisha hutoboa ngozi yake na kujisokotea vifuko vya hariri nyeupe. Kiwavi hufa.

Nyanda za juu, kama vile Trans Nzoia, mambo ni tofauti. Kiwavi wa huko, Busseola fusca, huyaua mayai ya mgeni huyu mwilini mwake. Anayemmudu ni nyigu mzawa wa Afrika, Cotesia sesamiae, tena wale wa magharibi mwa nchi. Wenzao wa Pwani hushindwa.

Dawa inayomkosa kiwavi aliyejificha humpata nyigu akirukaruka nje. Kwa hivyo mkulima akipasua bua na kukuta vifuko vyeupe kando ya kiwavi aliyenyauka, asilichome. Aliache shambani siku kadhaa, nyigu watoke.