Mtoto ana homa, kipimo cha malaria hakionyeshi kitu: umewafikiria panya?

Mavuno yakishaingia ndani, panya nao huhamia ndani. Kwa familia nyingi za Shinyanga, magunia ya mahindi na mpunga hukaa chumba kilekile wanacholala watoto. Kwenye kambi za wachimbaji wadogo wa dhahabu Geita mambo ni magumu zaidi: kibanda ni cha miti na turubai, unga uko kwenye mfuko sakafuni, na hatua chache kutoka hapo mama ntilie anamwaga makombo. Panya hahitaji kukaribishwa.

Wengi humlaumu panya kwa chakula anachokula. Anachoacha nyuma, yaani mkojo na kinyesi, ndicho kinachopaswa kumsumbua mzazi zaidi.

Anayetawala mashamba ya nchi hii ni panya shamba, anayeitwa kitaalamu Mastomys natalensis. Jike lina chuchu hadi 24 na hubeba mimba kwa wiki tatu na siku chache, ndiyo maana mvua zikikubali, panya hufurika ghafla. Panya wa aina hiyohiyo ndiye anayeeneza homa ya Lassa Afrika Magharibi, ugonjwa wa virusi uliotambuliwa Nigeria mwaka 1969. Mtu huambukizwa kwa kula chakula au kushika vyombo vilivyochafuliwa na mkojo wake.

Je, panya wa huku wana virusi? Ndiyo, ila si hivyo. Mwaka 2009 watafiti walitangaza kirusi kilichopatikana kwa panya shamba wa Morogoro, na mwaka 2015 kingine kilichopewa jina la Gairo. Vyote ni ndugu wa kirusi cha Lassa, lakini havijathibitishwa kumuugua binadamu. Kwa hiyo ukiletewa ujumbe wa WhatsApp kwamba Lassa imeingia mgodini, usiusambaze.

Hatari iliyokwisha kuonekana nchini ni nyingine, tena inatokana na bakteria, si virusi. Julai 2022, Wizara ya Afya ilitangaza kuwa ugonjwa uliozuka Ruangwa mkoani Lindi ni homa ya mgunda. Wagonjwa 20 walikuwa wameripotiwa, watatu kati yao walifariki. Bakteria hao hutoka kwenye mkojo wa panya na wanyama wengine, huishi kwenye maji na tope, na huingia mwilini kupitia kidonda, mkwaruzo, macho au mdomo. Mtoto anayecheza peku kwenye majaruba, au kwenye madimbwi ya mwaloni wanakooshea dhahabu, yuko karibu nao kabisa.

Tatizo ni kwamba huanza kama malaria: homa, kichwa, misuli kuuma, kutapika. Utafiti uliofanyika katika hospitali mbili za Moshi mwaka 2007 na 2008 ulionyesha kuwa zaidi ya nusu ya waliolazwa kwa homa kali walidhaniwa kuwa na malaria, lakini walioumwa malaria kweli hawakufika wawili kati ya 100. Baadhi yao walikuwa na mgunda. Geita si Moshi; huku malaria ni nyingi na kupima ni lazima. Ila kipimo kikisema hakuna malaria, kumnunulia mtoto dawa ya mseto dukani ni kupoteza siku ambazo antibiotiki ingemsaidia.

Nyumbani, usifagie kinyesi cha panya kikavu, kwani vumbi lake huvutwa puani. Nyunyizia maji yenye Jik, sehemu moja kwa tisa za maji, subiri dakika tano, kisha futa kwa kitambaa ukiwa umevaa glovu au mifuko ya plastiki mikononi. Unga na maji ya kunywa viwe kwenye ndoo zenye mfuniko, magunia yainuliwe kwenye kichanja. Mtego ni bora kuliko sumu ya mtaani isiyo na lebo, ambayo mtoto anaweza kuidhania pipi. Na watoto wanaowinda panya shambani waelezwe wazi: wasiwashike kwa mikono mitupu, hata waliokufa.

Ukifika zahanati, usiishie kusema "ana homa". Mweleze mhudumu kama nyumbani kuna panya, mtoto alicheza kwenye maji gani na lini. Macho yakiwa ya njano au mekundu, mkojo ukipungua, au damu ikitoka puani, mpeleke hospitali siku hiyohiyo.