Uvimbe wa Ufizi: Dhana Si Yakini

Ndugu zetu wa Magomeni, jino la bandia lililopandikizwa katika mfupa wa taya huweza kuzukiwa na uvimbe mwekundu ufizini, wenye kutoka damu upesi. Mara nyingi si saratani, bali ni nyama iliyochokozwa na ukoga. Lakini saratani nayo yaweza kuja kwa sura hiyo hiyo, na macho peke yake hayapambanui. Basi tusimlilie mgonjwa kama maiti, wala tusimwambie asukutue maji ya chumvi na kungoja. Aende Muhimbili, si mbali nasi; daktari hukata kipande kikapimwa kwa hadubini. Usipokuwa saratani, uvimbe hukatwa na chanzo chake kuondolewa, usirudi. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kujitibu, tufunge ngamia kwanza, kisha tutawakali.