Fungate kando ya mto: Kisangani hadi Yangambi

Wapenzi wengi wa Kisangani wanaota fungate ya baharini. Lakini bahari yetu iko Muanda, Kongo Central, na kufika Kinshasa tu, kwa mto, ni kilomita 1 734. Tiketi za ndege za watu wawili zinaweza kumaliza pesa yote iliyobaki baada ya harusi.

Yangambi iko karibu: kilomita mia moja hivi upande wa magharibi, kandokando ya mto Kongo. Anzeni asubuhi kwa Wagenia, muone wavuvi na mitego yao ya vikapu kwenye maporomoko. Patane bei kabla ya kupiga picha. Kisha shikeni barabara. Ugumu uko mto Lindi, kwani gari linavuka kwa bac. Bac ikiharibika, siku imepotea. Muulizeni dereva mbele ya kulipa. Wakati wa mvua, pikipiki inapita penye gari linakwama, ila bibi harusi na masanduku yake, hapo mtajua wenyewe.

Yangambi mtakuta majengo ya zamani ya INEAC, kituo cha utafiti wa kilimo kilichoundwa mwaka 1933, leo INERA, na jioni jua linazama mbele ya mto mpana. Kurudi kwa mtumbwi wa injini kunapendeza, lakini mchana tu, na kila mtu avae jile ya kuokolea.