Kipimo Kinaposema Hapana na Mimba Ipo

Mwaka 1978 jarida la wanawake la Mademoiselle, nchini Marekani, liliwaeleza wasomaji wake kuhusu bidhaa mpya iliyoingia madukani: kipimo cha mimba cha kujipima nyumbani, kilichoitwa e.p.t. Ndani ya boksi mlikuwa na kichupa cha maji safi, kitoneshi, kioo kidogo, na mrija wenye chembe nyekundu za damu ya kondoo. Majibu yalisubiriwa kwa saa mbili. Kipimo kilipoonyesha mimba ipo, usahihi wake ulikuwa asilimia 97. Kilipoonyesha haipo, usahihi ulishuka hadi asilimia 80. Kwa maneno mengine, kati ya kila wanawake watano walioambiwa hawana mimba, mmoja alikuwa nayo.

Tangu hapo teknolojia imepiga hatua kubwa. Vijiti vinavyotoa jibu kwa dakika chache vilianza kuuzwa mwaka 1988, na leo vinapatikana katika duka lolote la dawa, Kariakoo hadi Kisumu. Hata hivyo tofauti ile haijaisha. Mistari miwili ni jibu ambalo mara nyingi sana huwa la kweli. Mstari mmoja ni jibu linalotegemea siku ya kupima, aina ya mkojo, na macho ya anayesoma.

Kijiti hakimtafuti mtoto. Kinatafuta homoni iitwayo hCG, ambayo huanza kutengenezwa na chembe zitakazokuja kuwa kondo la nyuma. Homoni hiyo huingia kwa wingi katika damu ya mama, kisha kwenye mkojo, baada tu ya yai lililorutubishwa kujishikiza kwenye ukuta wa mji wa mimba. Kabla ya hapo hakuna kijiti kinachoweza kuiona, hata kiwe ghali namna gani.

Kujishikiza huko hakuna siku moja kwa wote. Mtafiti wa Marekani Allen Wilcox na wenzake waliwafuatilia wanawake waliokuwa wakitafuta mtoto, wakipima mkojo wao kila siku. Waligundua kwamba katika mimba nyingi zilizodumu, yai lilijishikiza kati ya siku ya 8 na ya 10 baada ya kupevuka, lakini wengine iliwachukua hadi siku ya 12. Mwaka 2001 walitoa hesabu inayopaswa kujulikana na kila anayejipima: siku ya kwanza ya kukosa hedhi, takriban asilimia 10 ya mimba zilikuwa bado hazijajishikiza. Mwanamke wa kundi hilo akipima siku hiyo, ataambiwa hana mimba, na kijiti chake hakina kasoro yoyote.

Hata baada ya yai kujishikiza, kuna siku za kusubiri. Pakiti nyingi za bei nafuu huandikwa 25 mIU/ml, maana yake kijiti hakiwezi kuhakikisha jibu homoni ikiwa chini ya kiwango hicho. Katika wiki za mwanzo hCG huongezeka takriban maradufu kila baada ya siku mbili. Mwenye kiwango cha 10 Jumatatu atakuwa karibu na 20 Jumatano, na kijiti bado kitamwonyesha mstari mmoja. Ijumaa atakuwa karibu na 40, na mistari itatokea miwili. Mwili ni ule ule na mimba ni ile ile. Kilichobadilika ni siku nne tu.

Mambo huwa magumu zaidi kwa asiyejua tarehe zake. Anayenyonyesha anaweza kushika mimba kabla hajaona hedhi ya kwanza tangu ajifungue, kwa sababu yai hutangulia kupevuka. Aliyeacha sindano ya uzazi wa mpango huenda mzunguko wake bado haujatulia. Kwa wanawake hawa ni salama zaidi kuhesabu kuanzia siku ya kujamiiana: jibu la hapana linaanza kuaminika zikishapita wiki tatu.

Mkojo nao una neno lake. Ukinywa maji mengi kwanza, homoni huzimuliwa na inaweza kushuka chini ya kiwango cha kijiti. Ndiyo maana wahudumu wa afya hupendekeza mkojo wa kwanza wa asubuhi. Kijiti kilichopita tarehe yake au kilichokaa kwenye joto na unyevu hupoteza nguvu. Kuna pia haraka ya msomaji: maelekezo yakisema dakika tano, mstari hafifu unaweza kuwa haujajitokeza katika dakika ya pili.

Sababu nyingine inashangaza zaidi: homoni kuzidi. Mstari wa jibu hutokea pale kingamwili mbili tofauti zinapoishika chembe moja ya hCG, kila moja upande wake, kama watu wawili walioshika fimbo moja. Fimbo zikiwa nyingi mno, kila mtu hushika yake, na hakuna wawili wanaounganishwa. Hali hiyo huweza kutokea homoni inapopanda kupita kawaida, hasa katika mimba zabibu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, akiwemo Ann Gronowski, walionyesha pia kwamba kuanzia kama wiki ya tano, vipande vya homoni hiyo iliyovunjika hujaa kwenye mkojo na kuvizuia baadhi ya vipimo visiione hCG yenyewe. Walipojaribu aina 11 zinazotumika hospitalini, nyingi ziliathirika kwa kiasi fulani.

Mimba iliyotunga nje ya mji wa mimba ndiyo ya kuogopwa kuliko zote. Mara nyingi homoni yake hupanda polepole, hivyo mstari unaweza kuwa hafifu au usionekane kabisa, huku mrija wa uzazi ukikaribia kupasuka. Maumivu makali ya tumbo la chini, kutokwa damu, kizunguzungu au maumivu kwenye ncha ya bega ni dalili za kukimbilia hospitali, hata kama kijiti kimeonyesha mstari mmoja.

Kuchelewa kujua kuna gharama. Mfereji unaotengeneza ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hufunga ndani ya takriban siku 28 baada ya mimba kutungwa, na asidi ya foliki hufanya kazi yake kubwa katika kipindi hicho. Shirika la Afya Duniani linapendekeza hudhurio la kwanza kliniki liwe ndani ya wiki 12.

Kwa hiyo, dada uliyekosa siku zako na kuona mstari mmoja, subiri siku tatu hadi wiki, kisha pima tena kwa mkojo wa asubuhi. Hedhi ikiendelea kukosekana, nenda kituo cha afya uombe kipimo cha damu au ultrasaundi. Na kabla ya kumeza dawa yoyote katika siku hizo za kusubiri, mweleze mtoa dawa kwamba huenda una mimba.